Ua Jekundu la Milima ya Amani na Maji ya Ikungi

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Maneno haya ni ya kweli kwa kila msafiri atazamaye njia kwa macho mawili, wala si kwa yule alalaye garini tangu kuondoka hata kufika. Katika makala haya nataka kuwaeleza ndugu zangu wasomaji, wazee kwa vijana, habari za ua moja jekundu nililoliona katika milima ya Amani, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga; namna linavyotunzwa katika nchi ile ya mvua na ukungu; na swali zito lililozuka nilipotaka kulileta kwetu Ikungi, ambako maji ni mali.

Ikungi, nchi ya upepo

Huenda wengi wenu hamjafika Ikungi. Ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Manyoni na Dodoma. Tangu mwaka 2012 ni wilaya kamili, iliyomegwa kutoka Singida Vijijini. Wenyeji wake wengi ni Wanyaturu, watu wa mtama, uwele, ng'ombe na mbuzi, na siku hizi watu wa alizeti. Nchi yake i juu, kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na imetapakaa majabali makubwa ya mawe, mengine yamepandana kana kwamba mtu ameyapanga kwa mkono.

Mvua zetu huja mara moja tu kwa mwaka. Huanza Novemba au Disemba, hukoma Aprili, na aghlabu zikikusanywa zote hupata milimita 600 au 700. Kutoka Mei hata Oktoba twaweza kukaa bila ya kuona tone. Juu ya hayo tuna upepo wa Singida, ambao hukausha nguo kwenye kamba kabla mfuaji hajamaliza kufua, na hukausha jani la mmea vivyo hivyo. Katika nchi kama hii mtu akisema anataka bustani ya maua, watu humtazama usoni kwanza wajue kama anafanya mzaha.

Safari ya mashariki

Nilitoka Ikungi mwishoni mwa mwezi wa Mei, kwenda Muheza kuhudhuria arusi ya kijana niliyemsomesha Kurani alipokuwa mdogo. Kwetu mvua zilikuwa zimekwisha kukatika, mabua ya mtama yamesimama makavu, na vichwa vya alizeti vimeinama kungoja wavunaji. Basi letu lilipita Manyoni, likateremka ukingo wa Bonde la Ufa, likavuka nchi ya mpunga ya Bahi, hata Dodoma penye mizabibu. Kutoka hapo tulikwenda Morogoro chini ya milima ya Uluguru, kisha Chalinze, kisha tukageuka kaskazini hata Segera. Kila tulivyozidi kwenda, ardhi ilikuwa ikibadili nguo zake. Kijivu kikawa kijani, miti mifupi yenye miiba ikaachia nafasi minazi na mikonge, na tulipofika Muheza machungwa yalikuwa yamerundikwa kando ya njia kama sisi turundikavyo viroba vya alizeti.

Arusi ilipokwisha, mwenyeji wangu aliniambia, "Maalim, umetoka mbali. Si vema urudi kwenu nawe hujapanda Amani." Basi kesho yake tukapanda. Njia hupita Sigi, penye mto, kisha hupinda na kupinda ikipanda mlima ndani ya msitu mnene, hata mtu huacha kuhesabu makona. Juu kuna mashamba ya chai, na vijiji ambavyo watu wake hulima iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga.

Amani iko kiasi cha meta 900 tu juu ya bahari, chini sana kuliko Ikungi. Walakini mvua yake kwa mwaka hukaribia milimita 2,000, maana upepo utokao Bahari ya Hindi hugonga milima ile ukiwa umejaa unyevu, ukalazimika kupanda, ukapoa, na kumwaga mzigo wake. Maji ya msitu ule huteremka katika mto Zigi, na mji wa Tanga hunywa kutoka bwawa la Mabayani lililojengwa juu ya mto huo huo. Anayefungua bomba Tanga anakunywa ukungu wa Amani, ajue asijue.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo chuo cha utafiti wa mimea na kilimo. Walileta miti kutoka pande nyingi za dunia, wakaijaribu, na mmojawapo ni mkwinini, ambao gamba lake lilitoa dawa ya malaria. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza chuo kilishikwa na Waingereza, na baadaye kazi ya kilimo ikahamishiwa Muguga katika nchi ya Kenya. Miti iliyopandwa imebaki, nayo imekuwa mikubwa. Na tangu mwaka 1997 msitu wa Amani umekuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Ua lenyewe

Kwa wageni wengi, miti hiyo mikubwa ndiyo ajabu ya Amani. Mimi macho yangu yalikamatwa na kitu kidogo zaidi. Katika kiwanja cha mzee mmoja Msambaa, mstaafu wa shamba la chai, palikuwa na matuta mawili yaliyojaa maua mekundu, mekundu hasa, kama kitambaa kipya ambacho hakijapata kufuliwa. Ukungu ulikuwa umeshuka na kila kitu kilikuwa kimefifia, nyumba, miti na hata njia. Yale maua peke yake yalikuwa yanawaka.

Nikamwuliza jina lake. Akasema, "Wale wa bustani za mjini huliita salvia." Nalo ndilo jina lake duniani. Ni neno la Kilatini lenye maana ya kuponya, kwa kuwa baadhi ya jamaa za mmea huu wametumika kama dawa tangu zamani. Katika jamii ya salvia kuna aina zipatazo 1,000. Waarabu wa nchi za Sham wanayo moja waiitayo maramia, ambayo majani yake hutiwa katika chai. Chia, ambayo mbegu zake siku hizi huuzwa madukani na hulimwa Uganda na katika mkoa wa Kagera, nayo ni salvia, ila maua yake ni ya buluu.

Mzee yule alikuwa na aina mbili. Ya kwanza ni fupi na nene, majani yake mapana, maua yake yamebanana juu ya shina. Asili yake ni milima yenye unyevu ya Brazili, na ilianza kujulikana katika bustani za Ulaya katika miaka ya 1820. Uzuri wake una siri: si ua tu lililo jekundu, bali hata kikombe kilishikacho ua ni chekundu. Ua likianguka, kikombe hubaki siku nyingi, na mtazamaji hudhani ua bado lipo. Aina ya pili ni ndefu na nyembamba, maua yake yamepangika mbali mbali kwa duara juu ya shina. Asili yake ni nchi za joto za Marekani zote mbili, na hiyo huvumilia zaidi, hata hujipanda yenyewe kwa mbegu zilizoanguka.

Akina mama wasomao makala haya wataniuliza: jambo hili latuhusu nini? Nawajibu kwamba mnamjua ndugu yake. Shikeni shina la salvia kwa vidole viwili mtaona si la mviringo, lina pembe nne. Tazameni majani, yamekaa mawili mawili yakielekeana. Tazameni ua, lina midomo miwili, wa juu na wa chini. Kisha nendeni mkashike rihani yenu. Mtakuta pembe nne zile zile, majani yale yale mawili mawili, na ua lenye midomo. Rihani, nanaa na kivumbasi kifukuzacho mbu, wote ni jamaa moja na salvia. Hata mbegu zinafanana tabia: ukizitia maji zile za rihani, ambazo twaziita tukumaria na kuzitia katika sharubati, huvaa utando wa utelezi, na za chia ni vivyo hivyo. Rihani imetajwa katika Sura Ar-Rahman pamoja na neema nyingine za ardhi. Basi anayeijua rihani ya uani mwake amekwisha kushika mlango wa elimu kubwa, wala hahitaji kwenda Brazili kuufungua.

Ndege na wekundu

Nilimwona ndege mdogo, chozi, akitua juu ya shina na kutia mdomo wake uliopinda ndani ya ua. Mzee akacheka, akasema, "Huyo hulipi kodi, lakini ndiye mwenye bustani."

Jambo hili lina hikima. Nyuki hawaoni wekundu vizuri, lakini ndege huuona mno. Ua jekundu lenye koo refu na nyembamba ni mwaliko ulioandikiwa ndege. Kule Marekani ulikotoka mmea huu, mwalikwa ni ndege mdogo sana ambaye huelea hewani akipiga mbawa pasipo kutua. Ndege huyo hayupo Afrika kabisa. Ua lilipovuka bahari lilikuta hapa chozi, ambaye hupenda kutua ndipo anywe; naye koo la ua likiwa refu kumshinda, mara nyingine hulitoboa upande wa chini akanyonya utamu bila ya kupita mlangoni. Ua ni lile lile, karamu ni ile ile, walakini mgeni ni mwingine na adabu zake ni nyingine.

Namna linavyotunzwa katika nchi ya unyevu

Nilidhani kwamba katika nchi yenye mvua kama ile, maua hujiotea tu. Mzee alinifahamisha kwamba unyevu una taabu zake kama ukavu ulivyo na zake. Maneno yake nimeyapanga hivi, ili wasomaji wetu wa Tanga, Unguja, Pemba, Bukoba na kwingine kwenye mvua nyingi wayatumie.

Kwanza, tuta huinuliwa juu kadiri ya shibiri moja, udongo ukachanganywa na mchanga na samadi iliyokwisha kuoza. Mizizi huvuta hewa. Maji yakituama, hewa hutoka, na mizizi huoza. Mmea huo hunyauka hali umesimama katika matope, na asiyejua huuongezea maji akidhani una kiu, akaumalizia roho.

Pili, miche huachiwa nafasi kadiri ya futi moja baina ya mche na mche. Jani lisilokauka kutwa nzima huota ukungu mweupe, na upepo upitao kati ya mimea ndiyo dawa yake ya kwanza.

Tatu, bustani huelekezwa jua la asubuhi, ili umande ukauke mapema. Siku zisizo na mvua humwagiliwa asubuhi, chini penye shina, si juu ya majani. Na jioni haimwagiliwi kamwe.

Nne, mche ukipata jozi tatu za majani, ncha yake hukatwa kwa kucha. Hapo hutoa matawi badala ya shina moja. Na kila shina la maua likichakaa hukatwa, maana mmea ukiachwa uzae mbegu hudhani kazi yake imekwisha, ukaacha kuchanua.

Tano, konokono, wenye nyumba na wasio na nyumba, huokotwa usiku kwa taa. Wengi huzungushia majivu, lakini majivu yakinyeshewa mara moja hayana nguvu tena, na Amani hunyesha.

Sita, mbegu hazifukiwi chini. Hunyunyizwa juu ya udongo laini na kubonyezwa kidogo tu, kwa kuwa hutaka mwanga ili ziote, nazo huchipua katika muda wa wiki mbili hivi. Tena kipande cha shina urefu wa kidole, kikitolewa majani ya chini na kuchomekwa mahali pa kivuli chenye unyevu, huota mizizi.

Wageni na wenyeji

Kabla sijaondoka mzee alinionyesha mti mrefu ulio ndani ya msitu, ambao Waganda huuita musizi. Mti huo asili yake si Usambara. Ulipandwa huko na watu, nao ukaenea msituni kwa sababu ndege walipenda matunda yake, hata ukachukua nafasi ya miti ya asili. Akasema, "Mgeni mwema ni yule ambaye mwenyeji anaweza kumsindikiza." Kwa hiyo hata ile salvia nyembamba ijipandayo, yeye hukata vichwa vyake kabla mbegu hazijamwagika, asiiache itoke nje ya ua wa nyumba.

Nasi tusisahau kwamba njia ya maua ina kwenda na kurudi. Katika miaka ya 1890 afisa mmoja wa Kijerumani aliyekaa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona katika nchi hiyo ya Usambara ua dogo la zambarau, akapeleka kwao. Na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia. Leo ua hilo limo katika vyungu madirishani mwa Ulaya na Marekani, na wengi walitunzao hawajui kwamba kwao ni Tanga. Ua la Brazili limekuja kwetu, ua letu limekwenda kwao. Vijana wetu wasidhani kwamba kila kizuri lazima kitoke nje.

Maji ya nani?

Mzee alinipa mbegu za aina zote mbili katika karatasi, na nikarudi Ikungi nimejaa furaha. Niliwaeleza wanafunzi wa madrasa habari za safari, nao wakaanza kuchagua mahali pa bustani hata kabla sijamaliza kusema. Bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa amekuja kumchukua mjukuu wake, alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni. Nilipomaliza aliniuliza, "Maalim, hayo maua yatakunywa maji ya nani?"

Nikasema, "Bibi, hatujapanga bado."

Akasema, "Basi pangeni. Maana huyu mjukuu wangu ndiye atiaye ndoo kichwani."

Ndugu wasomaji, swali hili si dogo. Katika vijiji vyetu, kiangazi kikikaza, anayebeba gharama ya maji mara nyingi si yule anayetoa amri ya kumwagilia. Ni mtoto wa kike, naye huamka kabla ya wenzake na mara nyingine hufika shule au chuoni amechoka. Ua zuri likinyweshwa kwa jasho la mtoto huyo, uzuri wake umo wapi? Kwa upande mwingine, je, yafaa watoto wa nchi kavu wakue bila ya kuona kitu chochote kilichopandwa kwa ajili ya macho na kwa ajili ya ndege? Tumefundishwa kwamba apandaye mmea, na ndege akala humo, huandikiwa sadaka. Haki mbili zilikuwa zimekutana, na haikuwa halali kuikanyaga moja ili kuifurahisha nyingine.

Tulikaa na wazazi tukaamua hivi. Maji yaliyoletwa kwa kichwa yatakuwa ya watu na mifugo, na hakuna mtoto atakayetumwa hata kikombe kimoja kwa ajili ya maua. Maua yatapewa yale tu yaliyokwisha kufanya kazi yake, nayo ni maji ya udhu. Imesimuliwa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kadiri ya viganja viwili vya mtu wa kadiri vikijaa. Watoto wetu hawajafikia uangalifu huo, lakini tumewafundisha kutosheka na lita moja. Watoto 20 wakitawadha kwa lita moja moja, ni ndoo nzima ya lita 20, ambayo zamani ilimezwa na vumbi bila ya faida. Sasa hupita katika mfereji mwembamba. Hunywesha kwanza mchicha na mpapai, kisha rihani, na mwisho wake ndipo penye ua jekundu. Maji ya sabuni hayaruhusiwi kuingia mferejini.

Sababu ile ile, mkono mwingine

Kama tungaliiga kazi ya mzee wa Amani kama ilivyo, mimea yetu ingalikufa yote. Yeye huinua tuta ili maji yaondoke. Sisi tumeinamisha kitalu shibiri moja chini ya ardhi ili maji yabaki. Yeye hutenganisha mimea ili upepo upite. Sisi tumeisogeza karibu ili ifunike ardhi na kutunza unyevu. Yeye hukataza kumwagilia jioni. Kwetu jioni ndio wakati wake, maana maji ya asubuhi huchukuliwa na jua na upepo kabla mizizi haijaonja. Yeye hupigana na konokono. Sisi hupigana na mbuzi, na silaha yetu ni ua wa miiba. Upande wa mashariki, utokako upepo wetu aghlabu, tumesimamisha mabua ya mtama, na juu ya udongo tumetandaza nyasi kavu.

Hata hivyo hatukumwacha mwalimu wetu. Tumeshika sababu zake zote: mzizi upate maji na hewa kwa kadiri, jani lisiumie, mbegu iuone mwanga, mgeni asitoroke. Sababu ni zile zile, mkono ndio umegeuka. Na hili ndilo funzo ambalo ningependa vijana walishike kuliko yote niliyoyaeleza. Anayejifunza kitendo bila ya sababu yake, elimu yake itafaa mahali pamoja tu. Anayejifunza sababu, anaweza kuichukua elimu hiyo kutoka Amani hata Ikungi, na kutoka Ikungi hata kokote.

Tulinyunyiza mbegu mwezi wa Disemba, mvua zilipotulia. Zote mbili ziliota. Ile nene ya Brazili ilichanua vema maadamu mvua zilikuwapo, ikafifia upepo wa Mei ulipoanza. Kwetu ni mgeni wa masika, naye twamsindikiza kwa heshima. Ile nyembamba ilianza kuchanua karibu na mwisho wa Februari, na kwa maji ya udhu peke yake iliendelea kiangazi chote. Ni michache, haifiki hata 20, lakini chozi wamekwisha kuijua.

Sikio la simba

Nao ndio walionifungua macho kwa jambo la mwisho. Mwezi wa Aprili niliwafuata chozi hao kwa macho walipokuwa wakiruka kutoka bustanini kwetu kwenda pembezoni mwa shamba la alizeti. Huko walitua juu ya magugu marefu yenye vichwa vya mviringo vya miiba, vilivyotungwa juu ya shina moja kama shanga kubwa, na katika kila kichwa vimechomoza vidole vya rangi ya machungwa iliyokolea, karibu na wekundu. Kila mtu wa kwetu ameyaona tangu utotoni, na kila mkulima ameyafyeka.

Nikashika shina: pembe nne. Majani: mawili mawili. Ua: midomo. Ni jamaa moja na salvia na rihani. Wataalamu wameuita mmea huu kwa Kiyunani, Leonotis, maana yake sikio la simba, na asili yake ni Afrika yetu hii, nao umesambaa katika nchi nyingi za joto duniani. Haukuhitaji ndoo ya mtu. Huota kwa mvua ya Mungu, huwalisha ndege, kisha hukauka ukisimama. Tumeuchukua mbegu na kuupanda mstari mmoja nyuma ya bustani, upande wa upepo, na sasa wanafunzi wanaujua kwa jina.

Basi, enyi wazazi, katika kila nyumba yenye mtoto na kata ya kutawadhia panaweza kupandwa kitu. Mkaao nchi za mvua, inueni matuta yenu na muache hewa ipite. Mkaao nchi kavu kama yetu, chimbeni kitalu chini, yafuateni maji yaliyokwisha kutumika yanakokwenda, na mwulizeni kwanza yule abebaye ndoo. Kisha wapelekeni watoto ukingoni mwa shamba, wayashike mashina kwa vidole vyao wenyewe, wahesabu pembe zake kabla jembe halijafika.

Mwenyezi Mungu atupe mvua yenye manufaa, na atujaalie kuitumia kwa insafu. Amin.